Mlango wa Jirani

Nakuru ya miaka ya hamsini, hakuna mtu wa landi aliyeuliza nyumba ni bei gani. Nyumba ilikuja na kazi, ikaondoka na kazi. Baba alikuwa fundi wa reli, basi tukapewa chumba kimoja katika landi, zile safu ndefu za vyumba vya wafanyakazi: milango kumi, paa moja la mabati. Humo tuliishi watu sita. Baadaye nilikwenda chuo kikuu nikaandika kurasa nyingi kuhusu msongamano wa makazi mijini, kana kwamba mimi ndiye niliyeugundua.

Shida ilianza pale bibi, mama yake mama, alipokaribia kupofuka. Kule kwetu magharibi hapakuwa na wa kumtibu; hospitali ilikuwa Nakuru. Lakini kwa mila zetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Wazee wa kwetu waliofanya kazi reli wakakutana Jumapili, baada ya kanisa, kulijadili lile paa.

"Paa limeanza kule limeishia huku," mmoja alisema. "Kwa hiyo mama wakwe zetu wote wasikanyage Nakuru?"

"Afadhali!" mwingine akadakia. Walipomaliza kucheka akaongeza, "Tuseme mlango ndio nyumba. Mlango mwingine, nyumba nyingine."

Wakakubaliana.

Mlango mwingine ulikuwa wa jirani yetu, mama Mkikuyu aliyetumia jiko moja na mama. Alisema bibi alale kwake, na mumewe ahamie kwetu kwa muda.

"Mlete, mama watoto. Kitanda changu ni kikubwa. Ni vile tu huyu mzee wangu anakijaza kwa kukoroma."

Siku tatu kabla ya bibi kufika, lori likaja asubuhi. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na Mau Mau, na Wakikuyu walikuwa wakiondolewa mjini. Jirani alipewa muda wa kufunga nguo na kubeba mtoto. Mama alimkimbilia na viazi vilivyokuwa bado havijaiva vizuri. Kitanda kikabaki.

Baba alikwenda kwa karani wa nyumba, akarudi na ufunguo.

"Karani anasema nina bahati," alisema, bila kumtazama mama.

Bibi alishuka garimoshi nikamshika mkono. Njia nzima nilijisifu: sisi sasa ni watu wa vyumba viwili! Alipofika aliupapasa mlango taratibu.

"Huu ni mlango wa nani?"

"Wetu," nikajibu upesi.

"Ni wa jirani," mama akasema. "Wamechukuliwa na lori."

Bibi aliuondoa mkono mlangoni. Kisha akaomba mkeka. Majuma yote ya matibabu alilala sakafuni, kwenye saruji baridi, na kila alipobembelezwa alisema kitanda kina mwenyewe, na mwenyewe hajamkaribisha.

Jicho moja lilipona. Siku ya kuondoka alifagia chumba, akakitandika kitanda ambacho hakuwahi kukilalia, akamwambia mama, "Akirudi, mwambie nilifika."

Jirani hakurudi. Mama alilitunza lile neno hadi alipofariki, hakupata wa kumpa. Nami sikumwambia bibi alichoshindwa kukiona kwa macho yale: kwamba majuma yote hayo, yeye akishapata usingizi, kitandani nililala mimi, tena usingizi mzuri.