Mshipi Mkononi mwa Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, nilipompeleka baba yangu kuvua samaki kwenye mto Malagarasi. Nilikuwa muuguzi kijana Kasulu, na kwetu ni upande wa Kibondo. Niliomba ruhusa kazini kwa sababu kaka zangu walileta habari kwamba mzee haoni tena.

Nikamkuta amekalishwa uani kama mgeni. Analishwa, anavalishwa viatu, jembe lake limefichwa. Na mimi, kwa uuguzi wangu, nikaona ndivyo inavyopasa. Siku ya tatu akaniita.

"Nipeleke majini kabla hujarudi kazini. Wewe utapiga makasia, mimi nitashika mshipi."

Nilikubali kwa kumhurumia tu. Tukaazima boti ndogo ya mbao ya jirani, tukaingia pale mto unapotanuka na kutulia. Baba akafunga mwenyewe ndoano na kipande cha kijiko kilichong'arishwa, kile cha kumhadaa samaki, kwa kupapasa, bila kukosea. Akakiachia nyuma yetu, mshipi akauzungusha kidoleni.

"Polepole. Ukienda mbio kinaelea, ukilegea kinazama."

Jungu kuu halikosi ukoko. Mzee asiyeona aliujua mwendo wa boti kuliko mimi mwenye macho mawili.

Jua lilipoanza kutupata mgongoni, mshipi ukakaza. Baba akainuka nusu, uso wote umechangamka. "Mkubwa huyu!" Boti ikayumba. Nikaogopa ataanguka. Nikaachia makasia, nikamrukia, nikamnyang'anya mshipi, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ukakatika.

Baba akakaa. Hakunigombeza. Alisugua viganja vyake kwa muda, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, macho yameondoka yenyewe. Lakini mikono hii mnaninyang'anya ninyi."

Nililia, nikamwomba radhi. Akanyoosha mkono kutafuta kichwa changu. Kwanza alipata bega, kisha akakifikia. "Basi, mama. Piga makasia. Kijiko kingine kimo mfukoni."

Mkubwa hakurudi. Tulipata mmoja tu, urefu wa kiganja. Alimvuta mwenyewe, na mimi nikayang'ang'ania makasia mpaka vidole vikauma, ili nisimsaidie. Nyumbani hakumwachia mtu kisu. Alimpara magamba mwenyewe, tukamla kwa ugali wa muhogo, tukitema magamba mawili matatu.

Jioni nikawaeleza kaka zangu, nao wakamrudishia jembe. Baba aliishi miaka mingine sita, akipalilia maharage kwa kupapasa. Magugu mengine aliyaacha, na wakati mwingine aling'oa mharage wenyewe. Hatukumfuata nyuma kurekebisha.

Mwanangu, ng'ombe haelemewi na nunduye. Mzee wako akichelewa kufunga vifungo vya shati, ngoja. Akimwaga chai kidogo, acha ajimiminie tena. Muulize kabla hujanyoosha mkono, maana huruma ikizidi humkalisha mtu uani angali hai. Mimi nilijifunza hilo kwa samaki aliyekwenda zake, nawe ulijifunze kwa bei nafuu zaidi.

Mungu akujalie wazee wa kuwatunza, na subira ya kuwatunza bila kuwapunguza. Na nguvu zako zitakapopungua, akupe watoto watakaojua kukungoja. Amina.