Mhudumu wa borehole Ikutha alivyopanga upya log za system yangu

Wakuu, habari za mchana. Leo nimekuja kujisifu kidogo, lakini nitaanza na aibu yangu ndio mniamini. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni developer, nakaa Kibwezi. Kamati moja ya maji huko Ikutha ilinipa kazi: niweke sensor kwa borehole yao, kisima kirefu chenye pampu ya solar, system isome pampu na tangi, halafu imtumie mhudumu SMS kukiwa na shida.

Mhudumu ni Mama Mwende. Mkali, mcheshi, na kuhusu pampu hiyo hadanganywi na mtu.

Sasa hapa ndio nilikosea. Kila kitu kwa log, yaani kumbukumbu ya matukio ya system, nilikiita ERROR.

Network ikipotea dakika moja, ERROR. Wingu likifunika jua, ERROR. Nilidhani wakiona SMS nyingi watajua kazi inafanyika. Msinicheke, kuna wenzangu humu wanafanya hivyo hadi leo.

Wiki ya pili maji ya kisima yakashuka, pampu ikaanza kuzunguka kavu. System ilituma SMS vizuri kabisa. Mama Mwende hakuisoma.

Kilichookoa pampu ni masikio yake. Alikuwa kwa shamba lake hapo karibu, akasikia mlio umebadilika, akakimbia kuizima.

Hiyo pampu ikiungua, watu wanarudi kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji, na punda anatembea nusu siku.

Nilipanda pikipiki hadi Ikutha nikiwa na hasira. Nikamuuliza, "Mama, mbona hukusoma SMS?"

Akanionyesha simu. Imejaa SMS zangu mpaka haina nafasi.

"Engineer, jirani akipiga nduru kila siku kwa sababu mbuzi ameingia kwa kunde, siku nyumba inaungua utatoka mbio?"

Ukambani nduru, ukelele wa kuita msaada, haipigwi ovyo. Ikipigwa, hata anayekula anaacha sahani.

Tukakaa chini na daftari la counter book. Mimi nasoma message, yeye anasema: hii iache, hii nitaangalia kesho, hii naacha kila kitu naenda.

Betri ya sensor, inayochajiwa na jua, kushuka, mimi nilikuwa nimeiona ni hatari sana. Alicheka. "Kwani kesho jua halitatoka?"

Pressure ya bomba kushuka kidogo, mimi niliona ni kitu kidogo. Hapo hakucheka. "Hiyo ni ndovu amekanyaga bomba. Ukichelewa saa moja, tangi ni tupu."

Ningejuaje hiyo nikiwa Kibwezi na laptop?

Nikaandika upya. INFO, habari za kawaida, inabaki kwa faili, naisoma mimi tu. WARNING, za kuangalia kesho, zinakusanywa, anapata SMS moja asubuhi. CRITICAL, ya kuacha kila kitu, inampigia simu mpaka ashike.

Mwezi mzima simu ya CRITICAL haikulia. Kamati wakaniuliza kama system imekufa. Ukweli ni kwamba hata mimi nilianza kuifungua log kila jioni kuhakikisha iko hai.

Halafu Jumapili moja, Mama Mwende yuko kanisani, mahubiri yamekolea, simu ikalia: pressure ya bomba imeshuka. Hakungoja amina. Alitoka na wazee wawili wa kamati, wakafunga valve, wakafuata bomba wakalipata limepasuka. Tangi lilikuwa bado na maji zaidi ya nusu.

Jumatatu watu walichota maji kama kawaida. Wengi hawakujua kuna kitu kilitokea.

Wakuu, nimefanyia watu wa Nairobi kazi kubwa kubwa, lakini hiyo Jumatatu ndio najivunia zaidi. Nilimpigia mama yangu kumweleza, hakuelewa chochote, akaniombea tu.

Nilichojifunza: level ya log haiamuliwi na anayeandika code. Muulize mtu ambaye atalazimika kuacha kazi yake na kuinuka.

Sasa fungueni log za project zenu, mhesabu ERROR ambazo hakuna mtu angeinuka kwa kiti akiziona. Mniambie hapa chini ni ngapi.

Mimi zilikuwa karibu zote.