Springi za Fundi Inayat

Rashida ni kiguu na njia, na wanaomsifu kuwa mchapakazi hawajawahi kufanya naye kazi. Mimi ninayemfungia mizigo hapa Wazirabad, mji wa mafundi wa visu, ndiye ninayejua taabu yake. Chai anainywa amesimama. Usiku hapati usingizi mzigo ukiwa njiani, na asubuhi anatulipizia sisi.

Biashara ya kupeleka visu ng'ambo aliirithi kwa baba yake. Hofu ameiongeza mwenyewe. Kila nchi ina sheria zake: huku wanaangalia urefu wa kisu, kule namna kinavyofunguka. Mipini ya pembe aliikataa, maana forodha nyingine hutaka cheti cha mnyama, akachagua mti wa shisham. Kila kisu nakipaka grisi kisishikwe na kutu baharini, kisha nakifunga peke yake kwa karatasi nene, kisije kikatoboa boksi na kumkata mpagazi wa watu.

Safari moja mteja alikuwa mwenye duka Ujerumani, anayewauzia wavuvi wa mitoni na waokota uyoga. Alitaka visu vya kukunja, vya kufungua kwa mikono miwili. Mzigo ukimridhisha, angekuwa mteja wetu wa kudumu. Usipomridhisha, karakana yetu ingefungwa, na Rashida hakunificha hilo.

Fundi Inayat alivileta adhuhuri, lori la kwenda bandarini Karachi likingojewa alasiri. Ni mzee mwenye ndevu za hina, rafiki wa marehemu baba yake Rashida, na mikono yake ndiyo iliyolijenga jina letu. Rashida akachukua kisu kimoja akikague. Alikibonyeza kidogo tu, kikafyatuka chenyewe. Akachukua cha pili, kikafyatuka. Vyote vilikuwa hivyo.

"Nimekuwekea springi, binti yangu," mzee akasema, akitabasamu. "Kwa gharama yangu. Zawadi."

"Ami, huko kisu cha kujifyatua ni kosa. Mzigo watauteketeza, na mteja ataburutwa mahakamani."

"Basi na ile milango ya madukani mwao inayofunguka yenyewe, nayo waipeleke jela."

Mimi nilicheka. Rashida hakucheka. Alimpigia wakala wa Karachi, naye akamshauri aandike visu vya mfukoni tu, kwani nani atakaa afungue kimoja kimoja? Rashida akauzunguka ua, simu sikioni, hata kuku wakamkimbia. Nilimwambia autume mzigo, nami nina watoto wa kulisha. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Heri lawama kuliko fedheha," akasema. Lori lilipofika, akamwambia dereva aende zake.

Kisha akampigia mteja, akamweleza yote bila kuficha. Yule bwana akajibu kwamba atangoja meli inayofuata, wala si nyingine baada ya hiyo. Kwa hiyo springi zote zilipaswa kung'olewa upesi.

Mzee alikuwa bado ananung'unika kwamba shukrani ya punda ni mateke. Hapo Rashida alishindwa kujizuia. Akashika koleo, akaing'oa springi ya kisu kimoja, akakiweka mbele ya mzee.

"Kifungue, Ami. Hivi ndivyo tulivyokubaliana. Kina ubaya gani?"

Mzee hakukigusa. Akaanza habari za chuma cha siku hizi, kwamba hakina adabu. Rashida akakisukuma karibu zaidi. Mzee akatia ukucha wa dole gumba kwenye mfuo wa kukifungulia kisu, akavuta, ukucha ukateleza. Akajifuta mkono kwenye kanzu, akajaribu tena. Dole lilikuwa linatetemeka mpaka kiwiko nacho kikatetemeka. Mara ya tatu akakiweka chini polepole, na mzaha wote ukamwishia usoni.

"Tangu baridi iliyopita siwezi kufungua kisu nilichokitengeneza mwenyewe," akasema. "Nikadhani hata huko wapo wazee."

Niliona haya kwa kile kicheko changu. Rashida alikichukua kisu, akakifungua, akamrudishia mkononi kikiwa wazi. Kisha akavuta boksi la kwanza, akaanza kung'oa springi moja baada ya nyingine, huku machozi yanamtoka.