Sufuria Aliyoninunulia Tata

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na kosa kubwa la maisha yangu lilianza nikiwa sahihi kabisa.

Kila Sabato baada ya kanisa, Tata, yaani baba yangu, alikuwa akija na Mama kula mchana kwangu hapa Manga. Nilikuwa nikipika ndizi na maharagwe Ijumaa kabla jua halijazama, Sabato nikapasha tu. Tata alikuwa mzee wa kanisa, na chakula changu alikisifia hata kilipokosa chumvi.

Likizo moja walimu tulikwenda Mombasa, nikala pweza. Kwa kiherehere changu nikamtumia Mama picha. Sabato ya kwanza niliporudi, Tata alikuwa katikati ya kula kwangu Mama alipomwonyesha.

"Umekula vitu vya bahari vyenye ganda," Tata akasema.

Ningenyamaza, lakini nilipenda mno kusahihisha watu. Nikamweleza kwamba pweza hana ganda. Yeye ni moluska, mnyama mwenye mwili laini usio na mifupa. Kaa na kamba ndio wenye ganda gumu, nao si moluska hata kidogo. Chaza yuko kote kuwili, ana mwili laini na ganda pia.

"Pweza ni wa ukoo mmoja na konokono anayemaliza sukuma yako, Tata."

"Kwa hivyo umekula konokono."

Mama akacheka. Mimi nikapandwa na hasira.

"Tata, hata husikilizi."

"Sijakuuliza ukoo. Hiyo kitu iko na mapezi na magamba, vile Biblia inataka?"

"Haina."

"Basi masomo yako imeisha."

Hapo ndipo nikadanganya. Nilimwambia nilirudi na pweza mwingine nikampika nyumbani, na kwamba maharagwe aliyokuwa akila yalitoka kwenye sufuria hiyo hiyo. Nilitaka tu aumie kidogo. Tata aliweka kijiko chini polepole, akachukua kofia na Biblia yake, akatoka bila kunawa mikono.

Tangu siku hiyo, kila Sabato alinipita bila kuingia. Nilikuwa nikiona kofia yake juu ya ua, ikienda zake. Nilijua sentensi moja ingetosha, kwamba sijawahi kupika pweza nyumbani. Nikajiambia aanze yeye kunisalimia. Kiburi nilikichukua kwake, sikukiokota njiani. Miezi mitatu ikapita hivyo, kisha moyo wake ukasimama akiwa kwenye migomba, na hatukuwahi kumfikisha hospitali.

Wiki moja baada ya mazishi, Mama alikuja na kitu alichokifunga kwa gazeti. Ilikuwa sufuria mpya na mfuniko wake, karatasi ya duka ikiwa bado imegandia chini.

"Alinunua mwenyewe sokoni Masimba, wiki ile aliyotuacha," Mama akasema. "Alisema uwe ukimpikia kwa hii. Alikuwa akuletee Sabato iliyofuata."

Nilikaa chini. Nikamwambia yote, kwamba ile ya zamani haikuwahi kuguswa na pweza, kwamba nilidanganya kwa hasira tu.

Mama akakunja lile gazeti.

"Mbona hukumwambia, mwanangu? Hizo Sabato zote alikuwa anakaa njaa mpaka jioni. Nikimpakulia anakataa. Anasema mchana wa Sabato anakulanga kwako."