Kompyuta ya Mto na Simu za Majirani

Tangu asubuhi Delfina hakukaa kitako. Kwa miaka kumi na moja amelea kompyuta moja katika jengo la manispaa, hapa kwetu mkoani Bicol: husoma kina cha mto, na maji yakifika mstari mwekundu hupiga ving'ora vijijini. Kimbunga kikitajwa tu, habanduki jengoni. Safari hii umeme ulikatika saa nne asubuhi, jenereta likaingia maji, zikabaki betri. Zingetosha hadi usiku; alipiga hesabu mara tatu.

Ila kwetu mwenye umeme hamnyimi jirani chaji. Ukimnyima, utasemwa hadi arusi ya mjukuu wako. Soling, jirani yake, aliyekimbilia ukumbi wa jengo hilo na wenzake, alikuja na simu.

"Kidogo tu, Manay," alisema, yaani dada mkubwa kwa lugha yetu, "nimpigie Turing. Mume gani huyu, kang'ang'ania nguruwe wake kando ya mto!"

Delfina akamkubalia, akashuka kuhangaika na jenereta. Alirudi baada ya muda wa saa tatu akakuta simu ishirini na tatu, feni mbili na sufuria ya umeme inayopika wali, vyote vimechomekwa kwenye betri. Betri zilibaki asilimia sita. Alichomoa vyote kwa mpigo.

"Makubwa! Kompyuta imekuwa mumeo?" mtu akamtania.

"Ndiyo, na anakata roho!"

Soling hakucheka. "Simu yangu waliichomoa wachomeke zao, haijawaka bado. Turing akifa maji, nitalilia mlangoni kwako kila siku."

Maji yalibakiza saa nzima kufika mstari mwekundu. Betri, dakika chache. Mwaka jana Delfina alipiga king'ora mapema, na mto haukufurika; Turing akamwita Manay Honi mpaka mji mzima ukalidaka jina hilo. Alipiga moyo konde, akabonyeza kitufe cha ving'ora mwenyewe. Ving'ora vililia, kisha betri zikaisha: kioo kikazimika, ving'ora vikakatika.

Saa tisa alasiri Turing alipanda ngazi, amelowa chapachapa, mwana nguruwe kwapani. Soling alimpiga kofi la bega, akamkumbatia. Dirishani, barabara aliyopitia ilikuwa imegeuka mto.

"Wengine wa mtoni wako wapi, Manoy?" Delfina aliuliza, naye akimwita kaka.

Turing alimweka nguruwe chini. "Mimi nilitoka kwa kuwa nakujua, Manay, hukubali kosa upesi hivyo. Wao, honi ilipokatika, walisema, 'Mmeona? Kagundua kakosea tena.' Wakarudi ndani."