Mlango wa Nyuma wa Jumba la Sultani

Juzi nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha mapazia, na nilipopita kwa wauza udi mtu akafungua chupa ya marashi ya waridi. Basi mwenzenu nikasimama katikati ya njia, wasukuma mikokoteni wananipigia kelele, "We mama, pisha!", na mimi machozi yananilengalenga. Harufu ile ni ya bibi yangu, Bi Mwanahawa, aliyenilea kwenye chumba kimoja Mchafukoge.

Bibi alikuwa na fahari moja tu hapa duniani. "Sisi usituone hivi," alikuwa akisema. "Bibi yangu kakulia jumbani kwa Sultani." Jumba lenyewe lilikuwa kwenye kijiji kimoja ng'ambo ya Feri, ambako Sultani na watu wake walikwenda kupunga upepo joto la kaskazi lilipozidi. Loh, nilivyovimba kichwa! Shuleni nilijitangaza mtoto wa kifalme, wenzangu wakaniita Malkia Ndala, maana viatu sikuwa navyo. Sikujali. Niliamini siku tukienda huko tutapokewa.

Siku ikafika. Miguu ilishaanza kumsumbua Bibi, akasema anataka kulizuru kaburi la bibi yake angali anatembea. Akanunua chupa ya marashi ya kunyunyizia kaburini, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nikavaa gauni la Idi na soksi nyeupe. Tukavuka, tukatembea mchangani mpaka soksi zikawa hazitamaniki.

Jumba lilikuwa limebaki kuta za mawe, paa hakuna, popo ndio wenye nyumba. Mbele palikuwa na ngazi pana na lango kubwa. Nikazikimbilia. Bibi akanidaka mkono.

"Siko huko. Kwetu ni huku."

Alikuwa hajawahi kufika, lakini alikwenda moja kwa moja kama alivyosimuliwa, tukazunguka nyuma kwenye upupu hadi kwenye kimlango ambacho hata yeye, mfupi vile, aliinama kupita. Karibu yake palikuwa na kisima. Nikajiambia, ahaa, huu ndio mlango wa wenyewe, kule mbele ni kwa wageni.

Mzee aliyekuwa akipatunza mahali pale akaja, nikamwamkia. Akatuonyesha makaburi ya watu wa jumba, yamejengewa vizuri, yana maandishi. Bibi akayatazama kwa adabu, kisha akauliza, "Na wale waliokuwa wakiwachotea maji?"

Mzee akakuna kidevu. "Wale, mama, ni pande hizi hizi." Akanyoosha mkono, akauzungusha kutoka kisimani hadi vichakani. "Alama hawakuwekewa."

Bibi akasoma Fatiha. Kisha akafungua chupa, akaanza kutembea. Akanyunyizia majani, mchanga, ukingo wa kisima, na njia yote ya kurudi kwenye kile kimlango. Mimi nyuma yake nalalamika: Bibi, unayamaliza! Marashi mazuri hivyo kumwagia magugu!

"Acha yamfikie," akasema, "popote alipo." Alikuwa analia, nikadhani ni miguu.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo iliponijia. Nilikuwa nafua nguo tu, nikawaza ni nani huchota maji kwa Sultani, na kwa nini mtu wetu hakupita mbele. Nikakaa chini. Bibi hakunidanganya hata neno moja. Bibi yake alikulia jumbani kweli. Ile ndiyo fahari aliyorithishwa, na aliibeba hivyo hivyo, ikimuuma.

Basi juzi mapazia nikayaacha, nikanunua marashi, nikaenda makaburini. Bibi tulimzika hapa hapa mjini, na miaka mingi nilikuwa sijafika. Kibao chake cha mbao kilishaoza, na makaburi yamesongamana, jipya juu ya la zamani. Nilizunguka mpaka nikachoka, nikamuuliza mchimbaji. Kijana wa watu akatazama huku na huku, akanyoosha mkono, akauzungusha.

"Atakuwa pande hizi hizi, mama."

Nikasoma Fatiha. Nikafungua chupa, nikaanza kutembea.