Msukuma Machela na Vidonge vya Mkewe

Saa moja na nusu asubuhi anapandisha machela kwenye njia ya mwinuko inayokwenda chumba cha upasuaji. Katikati anasimama, anajifanya kumfunika mgonjwa shuka vizuri. Shuka haina tatizo. Anatafuta pumzi.

Wenzake humwita Bila Breki, jina alilopewa miaka thelathini na moja iliyopita, enzi akikata kona hadi wauguzi wanajibanza ukutani. Leo ana miaka sitini na minne. Jina limebaki, mbio zimekwisha.

"Miguu ilianza kunisaliti kidogo kidogo," anasema, akiwa ameketi kwenye benchi la wasukuma machela. "Moyo nao ukafuata mkumbo. Nikifika juu, unagonga kama mgeni mwenye haraka."

Miaka miwili iliyopita, akisubiri lifti, aliwasikia madaktari wawili wakizungumzia dawa ya siku nyingi ya kisukari. Walisema inajaribiwa kwa wazee wasio na kisukari, ijulikane kama inaweza kuchelewesha miguu kulegea na moyo kuchoka. Lifti ikafunguka. Kwamba majibu bado hayajapatikana, hilo hakulisikia.

Dawa yenyewe ilikuwa nyumbani kwake. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akiimeza kwa miaka tisa: kidonge asubuhi, kidonge jioni.

Alipomsimulia, mkewe alicheka sana. "Kumbe miaka yote hii nimelalia dawa ya ujana?" Kisha akaweka kidonge chake cha jioni kwenye kiganja cha mumewe. "Meza wewe, baba. Wewe ndiye miguu ya nyumba hii."

Wakagawana hivyo kwa miezi saba.

"Nilijiona mwepesi," anasema. "Sijui ilikuwa dawa, au raha ya kupendwa."

Kliniki ikaonekana sukari ya mkewe imepanda. Akaulizwa kama anameza dawa ipasavyo, akaapa kwamba anameza, akaisingizia chai. Kisha kiatu kikamchubua kidole gumba. Alikificha kidonda ndani ya soksi majuma matatu, huku akiendelea kukanyaga cherehani. Alipokionyesha, mguu ulikuwa umeshabadilika rangi.

Siku ya upasuaji ilimkuta Bila Breki yuko zamu. Mwenzake akashika machela. "Niachie, kaka. Huyu nitampeleka mimi."

"Nimewapeleka wake za watu miaka thelathini," alimjibu. "Wangu nitampeleka mwenyewe."

Njiani mkewe alimshika mkono. "Polepole, baba watoto. Leo weka breki."

Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa daktari wa kisukari akamweleza yote, machozi yakimtoka. Daktari alimsikiliza hadi mwisho. "Siwezi kukuambia vidonge hivyo pekee vingeuokoa mguu," alimwambia. "Ila nusu dozi haikuwa dozi yake."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo anayolala nayo na kuamka nayo.

Ni daktari huyohuyo aliyemweleza kwamba utafiti ule aliousikia kwenye lifti sasa unaandikisha wazee. Wanapimwa moyo, wanapimwa nguvu za mkono, wanatembezwa kwa dakika sita. Nusu yao wanapewa dawa, nusu wanapewa kidonge kisicho na kitu ndani, na hakuna anayejua kapata kipi. Yeye alikataa katakata. Aliyemsukuma ni mkewe.

"Nenda," alimwambia. "Safari hii umeze vyako, uache vyangu."

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aanze. Majibu yatachukua miaka, na mwinuko haujapungua urefu.

Amebakiza miezi kumi na moja astaafu. Amemtafuta fundi wa kufunga mota kwenye cherehani, ili mkewe aiendeshe kwa mkono. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, humbeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha kushonea, na humpumzisha njiani mara moja, kwenye ukingo wa meza.

"Ujana siutaki tena," anasema. "Naomba nisitangulie tu. Nikitangulia mimi, nani atambeba?"